Nilivyomsomea kaka kona kwa majina ya ng'ombe kwenye rally ya Maganzo

Wakuu, kabla ya salamu nianze na ujinga wangu, ili mwenye kucheka acheke mapema tuendelee.

Nilipewa kazi ya kuandika alama za barabara kwa ajili ya mashindano ya magari, nikatumia ng'ombe.

Ng'ombe hai. Wenye miguu.

Sasa shikamooni wakubwa, na wa rika langu mambo vipi. Haya yametokea kwetu Shinyanga na nayaleta kama yalivyo. Chumvi sijatia, stori yenyewe ina mchanga wa kutosha.

Mimi ni Shija, kidato cha tatu. Wasukuma mshaelewa, nimezaliwa nyuma ya mapacha. Pacha wa kwanza, kaka Kulwa, ni fundi gereji hapa mjini, ana Starlet aliyoifufua mwenyewe kutoka kwa wafu. Doto yuko Kahama, hahusiki, ila ataninunia nisipomtaja.

Basi vijana wa gereji wakapanga weekend ya rally. Siyo ile ya kwenye televisheni. Ni magari yetu haya haya, barabara ya vumbi nyuma ya Maganzo, mwenyekiti wa kijiji katoa ruhusa. Gari moja moja linaondoka, mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Zawadi mbuzi.

Mama alikubali kwa shida. Alitusimamisha mlangoni akasema, "Gari likivunjika mtatengeneza. Mkivunjika ninyi tutawapeleka hospitali. Lakini nisisikie mmemgusa mtoto wa mtu."

Kulwa akasema, "Sawa mama."

Mimi nikauliza, "Na mtoto wa mbuzi?" Nikala kofi la mgongo. Nilistahili.

Kwa wasiojua, kwenye rally dereva haoni kilicho nyuma ya kona. Pembeni yake anakaa msoma ramani, anamsomea: mita kadhaa, kulia, kali au laini. Siku moja kabla mnapita polepole mnaandika. Wenzetu walihesabu mita kwenye dashibodi. Namba za umbali kwenye dashibodi ya Starlet yetu zilishakufa zamani, kwa hiyo Kulwa akaniambia, "Andika vitu tunavyoviona. Ila vitu vya maana."

Hapo ndipo aliponikosea, kuniambia mimi neno maana.

Kulikuwa na dume jeupe limelala chini ya mti kama lina hati ya kijiji. Nikaandika: Kwa Mheshimiwa, kulia kidogo. Mbele kidogo kuna jike lina pembe moja, linanitazama kama nimechelewa namba. Nikaandika: Kwa Mwalimu wa Zamu, kushoto. Wengine wawili wamepeana migongo: Kwa Mtu na Mke Wake, nyoosha.

Kulwa alicheka mpaka gari likamzimikia.

Kona moja tu niliandika kwa akili. Iko karibu na mashimo ya wachimbaji wadogo wa almasi. Barabara inanyooka vizuri, unashawishika kukanyaga mafuta, halafu ghafla inakata kushoto. Pale pembeni palikuwa na rundo la kokoto linalosubiri kuchekechwa, kubwa kama darasa letu. Nikaandika: Rundo, kushoto kali SANA.

Kulwa hakucheka hapo. Akauliza, "Una uhakika?"

Nikamjibu, "Kaka, rundo halina miguu."

Jumamosi asubuhi tukaondoka. Mheshimiwa hakuwepo, wachungaji walishawatoa ng'ombe. Tulimkuta mbele huko anakula majani, nikamsomea Kulwa, "Mheshimiwa yuko ziarani," tukacheka tena. Zile kona zilikuwa laini, Kulwa anaziona mwenyewe kwa macho.

Tukaingia kwenye ule mnyooko. Nimetoa macho natafuta rundo.

"Bado?" Kulwa anauliza.

"Bado, kanyaga."

"Shija, bado?"

"Sijaliona, kanyaga tu."

Wakuu, rundo lilikuwa limeshaondoka. Wenyewe walikuja na tipa alfajiri wakalipakia kwenda kuliosha. Pale palibaki ardhi tupu na alama za matairi. Nilipoielewa ile ardhi, kona ilikuwa imeshafika.

Kulwa alivuta handbreki. Gari lilikwenda moja kwa moja, likapasua ua wa minyaa, likaingia uani kwa watu. Nikasikia kitu kinavunjika chini ya matairi, kra kra kra. Halafu likasimama.

Vumbi lilipopungua nikamwona mtoto.

Mdogo, yule wa kuvaa shati bila suruali. Amekaa mbele ya bampa, fimbo mkononi. Uani palianikwa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha, na yeye alikuwa amepewa kazi ya kufukuza kuku. Akanyanyuka, akaisogelea Starlet, akaichapa taa kwa fimbo.

"Shii," akaiambia. Akaichapa tena.

Sikucheka. Mimi ninayecheka hata msibani.

Mama yake akatoka nyuma ya nyumba, mikono inadondosha maji. Akamtazama mtoto, akatutazama sisi. Akauliza, "Mmeumia?"

 Kulwa alikuwa bado ameshika usukani. Nikasema mimi, "Hapana mama. Shikamoo."

"Marahaba. Zimeni gari, linaunguza chakula."

Kulwa akazima, na kitu cha kwanza akanituma kwenye kona. Nikavua shati, nikalipungia kila gari lililokuja lipunguze mwendo, mpaka la mwisho likapita. Nkwabi, ninayesoma naye, alikuwa kwenye gari la mwisho na binamu yake. Akachungulia dirishani akaniuliza, "Umeajiriwa trafiki?" Nikampungia shati apite. Mnaonijua mnajua hiyo siyo kawaida yangu.

Niliporudi nikamkuta Kulwa amekaa chini anamenya viazi. Yule mama alikuwa amemwambia hivi tu: viazi vipo, visu vipo, kaeni. Nami nikakaa. Tukamenya, tukakata, tukaanika upya, mchana kutwa. Helmeti yangu ndiyo ilikuwa beseni. Mtoto akarudi kwenye zamu yake na fimbo yake, na kila akipita karibu na gari analitazama vibaya.

Wakati wa kuondoka yule mama akakusanya ile michembe mikavu tuliyoikanyaga, akachambua iliyo nzima, akatufungia kwenye mfuko. Mgeni haondoki mikono mitupu, akasema. Kulwa aliipokea kwa mikono miwili. "Wabeja, mama," akashukuru kwa Kisukuma.

Njiani nilimwambia Kulwa kosa ni langu. Akajibu, "Mguu kwenye mafuta ulikuwa wa nani?"  Jumapili hakurudi kushindana.

Nilichojifunza: kitu chenye mwenyewe siyo alama, kina safari zake. Na usipokiona ulichotegemea kukiona, punguza mwendo. Mimi nilifanya kinyume, nikasema kanyaga.

Jioni mama aliichemsha ile michembe kwa karanga. Nikamsimulia yote, nikaanza na ya kuchekesha kama kawaida yangu. Ya Mheshimiwa alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Ya fimbo hakucheka. Alikuwa anatafuna, mchanga ukalia kwenye meno yake, na hakutema.

Karibuni mnichape, maoni yote nitayajibu. Swali la mama tu ndilo sijalijibu hadi leo. Alimeza kwanza, halafu akasema hivi, nanukuu:

"Ng'ombe wa watu umewapa majina wote. Huyo mtoto anaitwa nani?"