Mkaa Ulionyamazisha Mwasho

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha kusafisha damu, hapa Karatu, daktari bingwa wa figo alinikabidhi kopo lililojaa punje nyeusi. Nikamuuliza ni nini. "Mkaa," akasema. Nilidhani ananitania. Nilikuwa nesi mzoefu, hospitali ya Wasso nimekaa, zahanati ya Buger nimekaa, lakini damu ya mtu ipitishwe kwenye mkaa?

Akanieleza taratibu. Mashine ya kawaida huchuja maji, chumvi na taka ndogondogo. Zipo sumu kubwa zisizopenya kwenye chujio lake, na hizo ndizo punje huzinasa. Kila punje imevikwa utando mwembamba, ili damu isigande inapoigusa. "Shika neno hili, sista," akasema. "Kopo linanasa, halichuji. Halimwondoi mtu kwenye mashine."

Mgonjwa wetu wa kwanza wa kopo alikuwa mzee Saning'o, mfugaji wa Sale. Figo zilipokufa, mwasho ulimtesa hadi akawa anajikuna kwa gunzi la mahindi. Nyumbani walishasema amerogwa. Tukaunganisha kopo kwenye mashine, na baada ya mara chache tu akalala fofofo mbele yetu. Alipoamka alijitazama mikono.

"Yeyo," akaniita, yaani mama kwa Kimaasai, "wale wadudu waliokuwa wakinitembea kwenye ngozi wamekwenda wapi?"

Tulicheka wote. Kisha akasema amepona, anarudi kwa ng'ombe wake.

"Baba, kilichokwisha ni mwasho," nikamwambia. "Figo bado hazifanyi kazi. Usiporudi Alhamisi kusafishwa damu, chumvi iitwayo potasiamu itajaa kwenye damu na moyo utasimama. Na maziwa punguza, nayo yana potasiamu."

"Ugonjwa ulikuwa unaniita kwenye ngozi, yeyo. Ngozi imenyamaza. Nani tena ataniambia naumwa?"

Alhamisi kitanda chake kilikaa kitupu. Tulipiga simu, haikupatikana.

Baadaye akaja mkewe, amebeba kibuyu cha maziwa. Nilimsalimia kwa furaha, nikamuuliza mzee yuko wapi.

"Tumeshamzika," akasema. "Alikunywa maziwa, akalala, hakuamka. Nimekuja kuwashukuru. Tangu atoke hapa hakujikuna hata mara moja."

Katika kazi hii nimetukanwa na nimelaumiwa, nikavumilia, lakini shukrani ile nilishindwa kuipokea. Daktari aligeukia ukutani. Mama yule alinimiminia maziwa kwenye kikombe, nikanywa. Yalinukia mkaa, maana kibuyu chao husafishwa kwa kijinga cha moto.

Sasa nimestaafu. Manesi vijana hupita nyumbani kunisimulia punje mpya, laini kuliko zetu, zinazonasa zaidi. Nafurahi nao, maana mwasho ule ni mateso. Lakini wakimaliza nawauliza swali moja: mgonjwa akiacha kujikuna, nani atamrudisha Alhamisi?