Nilimdanganya physio wiki sita kuhusu kisigino changu, kisa duka letu la sanda Kariakoo

Wakuu, poleni na pilika za mjini. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na sehemu niliyofanya ujinga nitaisema vilevile.

Nina miaka 37. Nafanya kazi na mama yangu kwenye fremu yake Kariakoo. Tunauza vifaa vya mazishi: bafta ya sanda, pamba, ubani, karafuu maiti. Najua wengine mnashtuka, lakini lazima awepo wa kuuza.

Dukani kwetu hakiingii kiatu. Mama anatandika mkeka chini, anapima na kukata sanda hapohapo, kama alivyofundishwa na baba yake. Sakafu ni vigae. Kwa hiyo tunashinda peku, asubuhi mpaka jioni.

Mwaka jana kisigino cha kulia kikaanza. Nikiamka, hatua ya kwanza ni kama nimekanyaga msumari. Nikitembea kidogo kinaachia, jioni kinarudi.

Ushauri wa bure sasa. Jirani yetu wa vitenge, Mchaga mmoja mwenye roho nzuri kupita kiasi, akaniambia hiyo ni gauti, acha nyama. Nikaacha nyama na maharage miezi mitatu. Idd nzima nachambua pilau, nyama naweka pembeni. Nilipokwenda kupima, gauti hamna. Jirani akasema basi labda ni baridi.

Ikafika mahali nakaa kwenye stuli, mama ndiye anasimama. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, mkataba wa fremu umebakiza miezi mitatu. Kama mguu ndio huo, tuiachie tu."

Hiyo iliniuma kuliko kisigino. Duka ni la tangu enzi za babu, na mimi kazi nyingine siijui.

Nikaenda hospitali, daktari akanielekeza kwa physio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mimi nilijua physio ni ya wacheza mpira na wagonjwa wa kiharusi. Nikapokewa na dada mmoja, mdogo kwangu, si mwongeaji. Akabonyeza chini ya kisigino, nikaruka. Akasema utando wa chini ya unyayo umeumia, na kigimbi kimekaza kinauvuta.

Mazoezi yenyewe ya kawaida kabisa. Unasukuma ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino kimegusa chini. Unaviringisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya unyayo. Kabla hujashuka kitandani, unavuta vidole kwa taulo.

Halafu akaongeza, "Na usisimame peku kwenye vigae. Vaa kitu chenye soli nene, hata ukiwa dukani."

Nikaitikia sawa.

Ujinga wangu ndio ulianzia hapo. Sikuwa na ubavu wa kumwambia mama kwamba nataka kuvaa viatu mahali anapokatia sanda. Nilimwogopa, niseme ukweli. Nikawa nafanya mazoezi yote kwa bidii, dukani nasimama peku kama kawaida. Kila nikirudi kliniki naulizwa, "Viatu unavaa?" Najibu navaa.

Wiki ya sita, mabadiliko hakuna. Yule dada akaushika mguu wangu, akautazama unyayo kwa muda.

"Kaka, huu mguu unashinda chini."

Nikaona aibu. Nikamweleza yote, sanda, mkeka, mama. Hakunifokea. Akauliza tu, "Mama anakataa viatu, au anakataa uchafu wa barabarani?"

Sikuwahi kujiuliza hilo.

"Basi nunua vipya. Vitoke kwenye boksi viingie dukani, na visitoke tena nje."

Nikanunua ndala za soli nene pea mbili, moja ya mama, nisionekane nimejifikiria peke yangu. Nikampelekea. Akazigeuza geuza. Akaziosha, pamoja na upya wake, akaanika. Kesho yake akaniambia, "Vaa. Lakini mkekani unavua."

"Sawa mama."

Akavaa na zake. Akatembea mpaka kwenye rafu ya pamba, akarudi, akasimama.

"Hata mimi visigino vinaniuma," akasema. "Vyote viwili. Miaka mingi sasa."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema.

"Mtu amekuja hapa amefiwa. Mimi nimwambie kisigino kinaniuma?"

Wakuu, miezi yote ile niliyokaa kwenye stuli, yeye alikuwa anasimama kwa niaba yangu na visigino vibovu viwili. Nilitoka nje nikalia, sifichi.

Wiki kama tano baadaye nilishuka kitandani bila maumivu. Mkataba tumesaini tena. Mama naye nampeleka kwa yuleyule dada, na kila asubuhi kabla ya kupokea wateja tunasukuma ukuta wa duka, yeye na mimi. Wapita njia wanatushangaa.

Nilichojifunza: mweleze physio maisha yako yalivyo, hata yale unayoona hayamhusu. Mazoezi peke yake hayakunitosha wakati kutwa nzima nilikuwa naumia upya.

Karibuni mwenye uzoefu wa kisigino, enka au mgongo, atuambie alichukua muda gani kupona. Na kama unafanya kazi na mzazi wako, kabla hujaandika hapa, kamuulize miguu yake ikoje.