Moran wa Dirisha la Bima

Wacha niseme mwenyewe kabla beshte yangu Saitoti hajawaharibia hadithi: mimi, Mbukusu wa kupanga Kitengela, mtu hata mbuzi humfukuza, nilipiga picha ya kadi ya bima ya hospitali nikiwa moran, shujaa wa Kimaasai.

Mama alikuwa amenituma studio na sheria zake (alizirudia kama sala): kila mtoto lazima awe na picha, ikikosekana moja familia yote inarudishwa, na Ijumaa saa sita dirisha la bima la Kajiado linafungwa, anayebaki nje angoje mwaka ujao. Na dadangu Nafula alikuwa anangoja kupasuliwa koo. Lakini Saitoti alikuwa na shuka, shanga na mafuta mekundu ya kichwa, nami nikaona nitatoka smati, basi nikampa Mama bahasha ya picha imefungwa vizuri, asichungulie.

Ijumaa karani akaitazama picha, akamtazama Mama. "Mama, huyu ni wako kweli? Hebu nimwone."

Mtu mwenye akili angepiga picha ingine. Mimi, niliyekuwa mlangoni, nikatoka mbio mpaka dukani kwa mjomba wa Saitoti, hapo karibu, anakouza shuka na mafuta yale, nikavaa na kujipaka tena, ndio nifanane na picha.

Kurudi, mzee wa Kimaasai aliyekuwa nyuma ya Mama kwa foleni (mrefu mpaka mlango ukaonekana wa watoto) akaninyooshea mkono, akanisalimia kwa Kimaasai, mwanaume kwa mwanaume. "Sopa, moran." Na mimi nikainamisha kichwa aniguse, vile watoto wa Kimaasai husalimia wazee. Moran hainamishi kichwa. Mama mmoja wa foleni akacheka mpaka shanga zake zikalia.

Mzee hakucheka. Aliniwekea mkono kichwani, mzito, wa pole, nikahisi kama nimefunikwa na mlima.

"Huyu ni mtoto tu," akamwambia karani. "Aende apige ingine. Mama asitoke hapo. Sisi tutangoja."

Na saa sita ilikuwa imekaribia, na yeye mwenyewe hakuwa ameandikishwa.

Nikajifuta na shuka, nikavuka barabara, nikapiga picha ya hapo kwa hapo, masikio bado mekundu. Niliporudi foleni yote ilikuwa imesimama vile vile, hakuna aliyenung'unika, mzee mbele yao na mafuta yangu kwa kiganja. Karani akatugongea muhuri, akamgongea mzee, akaendelea mpaka mtu wa mwisho, saa sita ikapita kama haijaonekana. Tangu siku hiyo sijavaa heshima ya mtu kwa mchezo.

Nje, Mama alinitazama masikio.

"Kwa kadi umeingia," akasema. "Kwa nyumba yangu, ngoja mwaka ujao."