Nilimthibitishia shemeji yangu mgodi wa dhahabu, sasa anauza nyumba

Admin, naomba ulifiche jina langu. Mtaa pia usiutaje; sema tu ni Mbagala, ni kubwa, hawatanipata.

Nina miaka sabini na mbili. Nilizaliwa Msumbiji, nikavuka Ruvuma nikiwa mtoto, nimeshika kanga ya mama, wakati wa vita. Sikurudi tena hadi safari hii nitakayoieleza. Kazi yangu ya maisha ilikuwa kupima mawe katika maabara ya madini, hadi nilipostaafu. Mke wangu alishafariki, nami naishi kwa binti yangu wa pekee na mumewe.

Miezi michache iliyopita mkwe wangu huyo alileta habari ya mgodi mdogo wa dhahabu huko Msumbiji unaotafuta mbia. Aliyevutiwa ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu. Ni muuguzi mstaafu, mjane, ana nyumba Tabata aliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka mingi. Akataka kuiuza aingie ubia.

"Shemeji, mie mawe siyajui," aliniambia. "Nenda ukaone. Ukisema ipo, nauza. Ukisema haipo, mkweo namtoa hapa na ufagio."

Nikaenda na mkwe. Sitaficha, niliposikia wachimbaji wakiongea Kimakonde cha mama yangu, macho yalinilowa. Hata hivyo kazi niliifanya. Nilishuka shimoni kwa kamba na uzee huu, nikachagua mawe mwenyewe, yakatwangwa mbele yangu, nikafunga unga wake kwa uzi katika vifuko saba na kila kimoja nikakitia saini.

Maabara niliwafundisha vijana wengi sheria moja: sampuli haitoki mkononi mwako; ukilala, ilalie. Basi tulipoanza kuondoka, mkwe akalishika begi langu.

"Baba, watu watanionaje? Wewe na mzigo, mimi mikono mitupu?"

Kwetu mkwe hanyang'anywi mzigo aliokupokea. Wala hulifungui begi mbele yake kulikagua. Ni sawa na kumwita mwizi, na aibu yake inamrudia binti yako. Nikamwachia. Siku mbili za njiani alilibeba yeye, na usiku lililala chumbani kwake.

Majibu ya maabara yalitoka mazuri mno. Nikamwandikia shemeji barua ya kurasa mbili.

Wiki iliyopita nilichukua unga uliobaki nikautazama kwa lenzi yangu ya zamani, kwa hamu tu ya udongo wa nyumbani. Dhahabu ya mwambani huwa na vishimo, na kingo zake hazina mpangilio. Chembe hizi zilikuwa zimejikunja kama maranda ya seremala, zina mikwaruzo ya tupa, na wekundu wa shaba iliyochanganywa na sonara. Hii ilikuwa dhahabu ya pambo, iliyokwanguliwa kwa tupa na kutiwa humo. Kisha nikaenda kumuuliza binti yangu iko wapi bangili ya mama yake, dhahabu pekee iliyokuwamo nyumbani.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ilikuwaga inakaa tu sandukuni, Baba. Marehemu angeivaa wapi?"

"Huyo mnayemwibia ni mama yako mdogo."

"Tunamwibia sie? Barua kaandika nani? Saini ya nani ile? Nenda polisi, uone nani ataanza kulala ndani." Akatupa jiwe moja la mchele nje ya mlango. "Na ukitoka kwangu utaenda wapi? Kwenu? Una kwenu wewe? Tulia, umwachie Mungu."

Kesho yake nilikwenda Tabata. Shemeji alikuwa sebuleni anafunga vyombo kwenye maboksi.

"Karibu tajiri! Umekuja kuniposa kabla sijaanza kuringa?"

Nikamweleza kwamba sampuli zilichezewa njiani. Bangili sikuitaja, ingemfichua binti yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika mkono taratibu, kama alivyozoea kuwashika wagonjwa.

"Mkweo alinipigia, akasema utakuja. Anasema siku hizi unasahau, binti yako unamwita kwa jina la marehemu dada yangu."

Akaitoa barua yangu kwenye mkoba, akavaa miwani, akanisomea: "'Mawe nimeyachagua kwa mkono wangu, na sina shaka nayo hata kidogo.' Shemeji, aliyeandika haya ndiye ninayemwamini. Wewe wa leo umechoka. Kunywa chai."

Nikanywa. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi, kama aliyokuwa akipika dada yake.

Ijumaa anakabidhi nyumba, na fedha zinakwenda kwa mkwe. Leo ni Jumatano.

Ukweli nimeshausema, haukufaa kitu. Nimebakiwa na uongo mmoja: nirudi Tabata nimwambie kwamba sijasahau chochote, kwamba dhahabu ile niliitia mimi, kwa akili zangu timamu, ili nimtapeli. Hilo nadhani ataliamini. Atabaki na nyumba yake. Binti yangu atanitazama nikibeba lawama, na ninavyomjua sasa, hatasema neno. Nami nitazikwa katika nchi iliyonipokea nikiitwa tapeli wa wajane.

Wanangu mnaosoma hapa, wengi wenu mna wazazi wa umri wangu. Nijivike wizi huu, au kuna njia nyingine ambayo macho yangu hayaioni? Nijibuni kabla ya Ijumaa. Ila msiniambie nimwachie Mungu. Hilo nimeshaambiwa na binti yangu.