Mtogwa Haukuwemo Kwenye Hesabu

Sokoni Makambako mimi sinunui gunia la viazi kwa kuangalia mdomo wake. Nalizunguka, nalipiga teke huku na huku, nazamisha mkono hadi kwapani, kwa sababu najua mtu anapoficha vile vidogo. Kisha nahesabu magunia, na nikimaliza nahesabu tena. Wapakiaji wa malori wananicheka. Lakini nadhani ndiyo sababu kliniki yetu ya kisukari, kule Njombe, ilipotafuta mgonjwa wa kuwafundisha wenzake kula, nesi alininyooshea kidole mimi. "Huyu anajua kusema na watu," alisema. Hakusema kama najua kingine.

Kazi hiyo wanaiita uelimishaji rika. Nesi anakufundisha wewe, wewe unawafundisha wenzako, kwa vile wenzako wanajua kwamba na wewe nyumbani unautazama ugali kwa jicho la huzuni. Nilifundisha kama ninavyouza. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Ugali usizidi ngumi yako, na ngumi ni yako, si ya mumeo. Walicheka, wakakubali. Tulipofika kwenye vinywaji, kikundi kikagoma. Bia hapana, soda hapana, juisi za dukani hapana, chai bila sukari, na hapo nje baridi ya Njombe inauma masikio.

Mzee mmoja, mkulima wa viazi na mtu wa kanisani, akaniuliza kwa upole, "Sasa binti, unatuambia tunywe mvua?"

Watu wakaangua kicheko na mmoja akaanza kufunga mtandio wake aondoke. Mteja akishaanza kuondoka, unapunguza bei. Nikapunguza. "Vya asili havina neno, baba. Vya dukani ndivyo vinatumaliza."

Wakanipigia makofi. Nilirudi Makambako nikijiona nimefunga biashara.

Masika yalipokolea nesi akanipigia simu. Yule mzee ana kidonda kwenye kidole cha mguu, hakifungi, na sukari yake iko juu kila akipimwa. "Anaapa anafuata yote uliyomfundisha," alisema. "Nenda ukaone jikoni kwake. Isiposhuka hadi kliniki ijayo, daktari atakikata hicho kidole."

Bodaboda ilinishusha mbali kwa sababu ya matope, nikamalizia kwa miguu. Nilipiga hodi, nikawaamkia, mzee na mkewe, nikatoa mashine ya kupimia sukari. Mzee akaificha mikono chini ya koti. Ili asiogope sindano nikajichoma mwenyewe kwanza. Yangu ilikuwa saba. Ya kwake ilikuwa kumi na tisa.

"Mashine yako mbovu," alisema.

"Imesema yangu vizuri, baba."

"Inakujua wewe. Mimi ndiyo kwanza tunaonana."

Nikaingia jikoni na mama, nikaanza kukagua kama nakagua gunia. Sukari? Hakuna, tangu ufundishe. Soda? Harusini tu, na siku hizi hata harusini anakataa. Ugali? Mama akakunja ngumi ya mumewe hewani ili nione ukubwa wake. Nilifunua masufuria, nikafunua tena. Maharage, majani ya maboga, ugali wa kiasi. Sikupata kitu. Nikaanza kumshuku mzee kwamba anakula kwa majirani, na nikamwambia mama hivyo. Hakukasirika. Alinitazama tu, kama mtu anayemsamehe mgeni, akasema, "Kaa tule, mwanangu. Umetoka mbali."

Tukala. Nilikula ngumi yangu, sikuongeza. Kisha mama akatoka nyuma ya nyumba, kwenye mianzi, akarudi na mbeta, lile bomba la mwanzi wanalokingia ulanzi, maji yanayodondoka kwenye mianzi iliyokatwa. Akanimiminia kikombe hadi kikafanya kilima kama gunia la lumbesa. Mtogwa wa asubuhi ile, ndio ulanzi mbichi, mtamu, haujachacha hata kidogo. Nimekunywa huo tangu sijaota meno. Nilikunywa kikombe chote, nikasogeza kikombe, akanijazia nusu.

"Baba naye anautumia?" niliuliza, nikilamba midomo.

"Ndiyo kinywaji chake. Asubuhi, na akitoka shambani, na jioni kabla haujakolea. Ukikolea ni pombe, hatuugusi."

Kikombe kilikuwa bado mkononi.

"Si ulisema vya asili?" alisema mzee. "Huu hauna duka. Haujawekwa sukari hata punje. Mchungaji akipita anakunywa."

Utamu ule ulikuwa umeniganda ulimini na bado sikuwa nimeuona. Mwenyewe ningeapa pale kwamba kikombe changu hakina sukari, kwa kuwa hakuna mtu aliyechukua kijiko akaitia. Nilizunguka jiko zima na kufunua kila sufuria, na kitu chenyewe nimeletewa kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaomba cha pili.

Nikawaambia tusubiri kidogo, kisha nijipime tena. Tulikaa tukizungumzia mbolea. Mvua ikapiga bati, ikaacha. Nilipojichoma mara ya pili mashine ikasema kumi na sita.

Mzee alijaribu kunisaidia, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Labda ni ugali," alisema.

"Ugali wangu naujua, baba."

"Basi labda ni mashine. Tulishasema ni mbovu."

"Si mashine. Ni mimi. Nilikwambia vibaya."

Mama aliichukua ile mbeta, akaitoa nje. Nilisikia akiimwaga. Mzee alitazama mguu wake uliofungwa kitambaa, kisha akanitazama mimi, akasema, "Kumbe mwalimu naye hajamaliza shule." Alisema kwa kutania. Niliinama nikajifanya nafunga mkoba.

Aliuacha mtogwa siku ile ile. Sukari ikashuka, nesi akafurahi, lakini kidole hakikusubiri. Walikikata.

Kikundi kilipokutana tena nilisimama kusahihisha maneno yangu, nikaanza kuzungukazunguka: kuna vinywaji fulani vya kienyeji, inategemea na mtu, na msimu. Mzee akanyanyuka kwa fimbo, akanikatiza. "Mtogwa ni sukari," aliwaambia. "Mwalimu alikunywa kikombe na nusu kwangu, akapanda kutoka saba hadi kumi na sita. Nilikuwepo. Acheni." Mwanamke wa nyuma akaguna, "Hata mtogwa?" Mzee akamjibu, "Hata mtogwa, mama." Hakupunguza hata kidogo, na hakuna aliyeondoka.

Baadaye alikaa kando yangu kwenye benchi, akavua kiatu na soksi, akanyoosha mguu mbele yangu.

"Wewe si unahesabu kila kitu mara mbili?" alisema. "Haya, hesabu."

Nilihesabu mara moja. Vilikuwa vinne. Nikamwokotea soksi.