Mimi ni anarchist, na kazi yangu ni kusimamia watu

Wakuu, habari za saa hii. Hii ilinipata mimi mwenyewe, na naiandika vile ilikuwa, hata pale inaniaibisha.

Mimi ni anarchist. Kwa ufupi, siamini kuna mtu alizaliwa kuamrisha mwenzake. Sio mambo ya kuchoma magurudumu.

Shida ni kazi. Ni supavaisa kwa shamba la chai huku upande wa Kapkatet. Nina wachunaji ishirini, filimbi na rejista. Ukitoka shambani kabla nipulize, unaandikwa hukuja kazi.

Juzi mchana mawingu yalishuka meusi, radi ikaanza ng'ambo ya bonde. Sheria inasema meneja aruhusu kwanza ndio nipulize. Nikampigia simu mara tatu, hashiki.

Mama Nekesa, mama mmoja ameanza kuchuna chai kabla nizaliwe, akauliza, "Supavaisa, tunangoja nini?"

Nikaona hii ndio nafasi ya kuishi imani yangu. Nikasema, "Mimi si mkubwa wenu. Amueni wenyewe."

Hakuna mtu alisonga.

"Rejista iko kwa mkono wa nani?" Mama Nekesa akaniuliza. "Tukienda, ni sisi tutaandikwa hatukuja. Wewe utasema hukutuma mtu. Puliza hiyo kitu!"

Wakuu, nilisikia aibu. Ilikuwa uoga, na mimi nimeupatia jina la uhuru.

Nikapuliza. Tukakimbia hadi kibanda cha kupimia majani. Wa mwisho akiingia, radi ikapasua mti wa blue gum, kando tu ya pale tulikuwa tunachuna.



Meneja alikuja na swali moja: nani aliruhusu? Nikasema mimi. Nikapewa barua ya onyo.

Siku hizi kila asubuhi wanachagua mmoja wao wa kuangalia mvua. Akisema twende, napuliza, na lawama nabeba mimi. Meneja hajui.

Nilijaribu kumweleza Mama Nekesa mimi ni anarchist. Akafikiria kidogo. "Hiyo ni kanisa gani?"

Nilichojifunza: kukana cheo kwa mdomo hakukiondoi. Kama bado unacho, angalia kinamkinga nani.

Lakini bado sijui kama hilo jina la anarchist linanifaa. Kuna mwalimu, askari ama naibu chifu hapa anaamini kama mimi? Ukivaa uniform asubuhi, unajiambia nini?