Mwogeshaji wa hamamu anayeogopa mtoto mtulivu

Saa nne asubuhi, chumba cha moto katika hamamu ya wanawake, mji wa juu wa Taza, kimejaa mvuke hadi mtu hamwoni vizuri aliyeketi mbele yake. Yamna Lahsini amepiga magoti juu ya sakafu ya mawe, glavu ya kusugulia mkononi. Anasugua mgongo wa mteja kutoka begani hadi kiunoni, kwa mivuto mirefu isiyo na haraka. Ghafla anaacha.

"Samahani dada, nakuja sasa hivi."

"Unakwenda wapi tena? Umeniacha nusu!" mteja analalamika. Upande mmoja wa mgongo wake ni mwekundu na safi, wa pili bado una sabuni nyeusi.

Yamna keshaondoka. Anapita chumba cha vuguvugu, anapita chumba cha baridi, anatokeza kwenye ukumbi wa mbele ambako Zahor, mpokeaji wa malipo, ameketi na miguu yake karibu na jiko la makaa. Kando yake kuna kapu la nguo. Ndani ya kapu, chini ya blanketi la sufu, mtoto mchanga amelala.

Yamna anainama na kumgusa shavu kwa kidole chenye maji. Mtoto anakunja uso. Anamgusa tena. Mtoto anafungua mdomo na kulia kwa nguvu zake zote.

"Haya, umeridhika?" Zahor anamuuliza. "Mimi nimembembeleza asubuhi nzima, wewe unakuja kumchokoza. Mama gani huyu hataki mtoto wake alale?"

"Nilitaka kuona tu."

"Kuona nini? Yupo! Hajakimbia!"

Wanawake wanaovua nguo kwenye mabenchi wanacheka. Yamna naye anacheka kidogo, lakini hamnyamazishi mtoto mara moja. Anakisikiliza kile kilio kwanza, kama mtu anayesikiliza habari njema redioni, ndipo anamchukua na kumpa titi.

Ana miaka arobaini na miwili, na huyu ni mtoto wake wa kwanza. Yeye na mumewe, Bushta, walikaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, hadi wakaacha kabisa kulizungumza jambo hilo. Bushta hufanya kazi chini ya hamamu hiyohiyo, kwenye tanuri, akilisha moto kwa kuni na kokwa za zeituni. Mke anaogesha juu, mume anachochea chini. Watu wa mtaa huwatania kwamba siku wakigombana maji yote ya Taza yatapoa.

Hana mshahara. Anaishi kwa anachopewa na kila anayemwogesha, dirham arobaini au hamsini, na kipindi cha baridi ndicho chenye wateja. Mtoto amezaliwa katikati ya kipindi hicho. Kwa hiyo siku arobaini za uzazi zilipokwisha, Yamna alirudi kazini na kapu lake.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba Yamna ndiye aliyekuwa mwalimu wa kina mama wa mtaa huu. Kwa desturi, mwanamke aliyejifungua huletwa hamamu akishatoka arobaini. Yamna ndiye aliyewaogesha, akawafunga matumbo, akawakanda miguu, na huku akiwakanda akawapa maelekezo yote.

"Nilikuwa najua kila kitu," anasema, akitingisha kichwa. "Mtoto akilia hivi ni njaa, akilia vile ni tumbo. Mfunge kwa kubana, asishtuke. Mtoto mtulivu ni baraka. Nilisema hayo kwa sauti, dada yangu, chumba kizima kikasikia. Halafu nikazaa. Nikaletewa wangu, nikamtazama, nikaona sijui hata nimshike wapi."

Wiki ya kwanza, anasema, nyumba yake ilikuwa kama soko. Mama mkwe wake, Lalla Hniya (Lalla ni kama kusema Bibi, kwa heshima), alihamia kwao na godoro lake. Lalla Hniya alitaka mtoto apewe maji ya bizari nyembamba ili tumbo lisimsokote. Muuguzi wa zahanati alikuwa amekataza, akasema maziwa ya mama na si kingine chochote. Zahor alikuja na maji ya maua ya mchungwa. Jirani wa juu akasema mtoto amefungwa mno. Jirani wa chini akasema amefungwa kidogo mno, ndiyo maana ana kwikwi.

"Nilikuwa namsikiliza kila mtu," anakumbuka Yamna. "Na kila mmoja alikuwa sahihi mpaka mwenzake aanze kuzungumza. Nikamfunga, nikamfungua, nikamfunga tena. Nikalia mimi, akalia yeye. Lalla Hniya akasema, 'Sasa nimnyamazishe yupi?'"

Bushta hakuwa na msaada mkubwa. Aliogopa kumbeba mtoto kwa sababu ya mikono yake iliyokakamaa kwa kazi ya tanuri. Alipolazimishwa, alimpokea juu ya taulo lililokunjwa mara nne, viwiko vimemtoka nje, hapumui.

"Mimi najua moto," anasema Bushta, mtu mrefu mwenye masizi kwenye mikunjo ya shingo. "Moto ukitaka kuni, unaona. Ukizidi, unaona. Huyu analia, unampa maziwa, analia. Unamlaza, analia. Unamwinua, analia. Nikamwuliza mama yangu, 'Na mimi nilikuwa hivi?' Akaniambia, 'Wewe mpaka leo.'"

Kisha mtoto akaacha kulia.

Ilikuwa siku mbili kabla ya sherehe ya kumpa jina, ambayo hufanyika siku ya saba. Alilala mchana kutwa. Alinyonya kidogo, akaliachia titi, akalala tena. Ngozi yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya manjano, kwanza usoni, kisha kifuani. Lalla Hniya alimfunika kitambaa cha manjano, kama walivyofanya wazee wake, na kusema rangi itaondoka na kitambaa. Wageni waliokuja kupongeza walimsifu.

"Mashallah, mtoto mtulivu hivi!" walisema. "Una bahati, Yamna. Wangu alinitoa roho."

Yamna alifurahi, na hapohapo hakufurahi. Hakuweza kujieleza. "Nilisema, basi ndiyo ile baraka niliyokuwa nikiwahubiria watu. Mbona moyo wangu haukai? Nikajiambia ni uchovu. Nikajiambia nimezaa uzeeni, nimekuwa mwoga."

Asubuhi ya sherehe kondoo alikuwa amefungwa mlangoni, kuku wanachemka, mikate ya rfisa, chakula cha kuku na uwatu apewacho mzazi, inachanwachanwa sebuleni. Miongoni mwa wanawake waliokuja kusaidia alikuwamo Ikram, fundi cherehani wa mtaani, mama wa watoto wawili. Yamna alikuwa amezoea kumcheka Ikram hamamuni. Alimwita "bi harusi wa zahanati," kwa kuwa mtoto wake akipiga chafya tu, Ikram alikuwa keshavaa viatu.

Ikram alimchukua mtoto amvalishe nguo nyeupe za sherehe. Alimwinua mkono, ukaanguka. Akamtekenya unyayo. Akamgusa shavu. Akafumbua kope zake kwa kidole gumba na kuona weupe wa macho umekuwa kama kiini cha yai.

"Nilikaa kimya kwanza," anasema Ikram. "Nani mimi nimwambie Lalla Yamna habari za watoto? Ningechekwa mwaka mzima."

Hatimaye alimwita chumbani akafunga mlango.

"Lalla Yamna, usinikasirikie. Huyu hajalala tu. Amelegea."

"Ni mtulivu," Yamna akajibu. Anasema alisikia sauti yake mwenyewe kama ya mtu mwingine.

"Wangu wa pili alikuwa hivi hivi. Manjano na usingizi. Daktari aliniambia ningechelewa kidogo, manjano yangemwingia kichwani. Kanyonya saa ngapi mara ya mwisho?"

Yamna hakukumbuka. "Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa," anasema. "Sikujua saa, sikujua siku. Nje wanawake wanapiga vigelegele, ndani Ikram ananitazama. Nilitaka mtu aniambie la kufanya, na mtu wa kuambia watu la kufanya nilikuwa mimi."

Alitoka na mtoto mikononi. Uani, Bushta alikuwa amekunja mikono ya kanzu, kisu tayari. Wageni walidhani analeta mtoto ili jina litajwe, wakanyamaza.

"Tunakwenda hospitali," Yamna akasema.

"Leo?" Lalla Hniya akauliza kutoka jikoni. "Na watu wote hawa? Na kondoo?"

"Kondoo atasubiri, mama."

"Mtoto kalala, mnampeleka kwenye baridi! Mtamtia ugonjwa asiokuwa nao!"

Bushta alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, akakitazama kisu. Wote waliokuwapo wanasimulia kwamba alisimama hivyo kwa muda, kama mtu aliyesahau amekuja kuchukua nini. Kisha akakiweka kisu juu ya ukingo wa kisima, akavaa joho lake, akatoka kwenda kusimamisha teksi.

Katika hospitali ya mji wa chini damu ilipimwa haraka. Manjano yalikuwa juu sana. Muuguzi alianza kumvua mtoto zile nguo nyeupe huku akiuliza maswali bila kuinua kichwa.

"Jina la mtoto?"

Jina lilikuwa halijatangazwa bado. Wote walikuwa wamekubaliana ataitwa Fadma, jina la marehemu mama yake Lalla Hniya.

"Jina?" muuguzi akarudia.

"Widad," Bushta akasema.

Yamna alimgeukia. "Nilimwona kama mtu nisiyemjua. Widad ni nani? Katika ukoo wetu hakuna Widad. Nilitaka kumuuliza, lakini walikuwa wanamchukua mtoto."

Hata leo Bushta hana maelezo. "Limetoka tu," anasema, na kuinua mabega. "Niliona nikisema Fadma, nitakuwa nimetaja jina la maiti mahali kama pale. Nikafungua mdomo, likaja hilo."

Widad aliwekwa chini ya taa za buluu, uchi, macho yamefunikwa. Yamna aliketi kando ya kioo na kukamua maziwa kwenye kikombe kama alivyoelekezwa. Hakuruhusiwa kumpakata muda mrefu. Anasema hakuomba dua wala hakulia. Alikuwa akirudia kichwani maelekezo yote aliyowahi kuwapa wanawake, akijiuliza lipi lilikuwa kweli.

Kesho yake Lalla Hniya alifika, sufuria ya rfisa imefungwa kwa kitambaa. Alimpita mwanawe bila salamu. Alisimama mbele ya kioo, akamwona mjukuu wake chini ya mwanga ule.

"Wamemfunga macho," alisema.

"Ni kwa ajili ya taa, mama. Zisimwumize."

"Na mimi nilimfunika kitambaa." Kisha akamgeukia mkwewe. "Kula. Uwatu unaongeza maziwa. Hata daktari hawezi kulikataa hilo."

Muuguzi aliyekuwa karibu alisema hakatai, akaomba kipande cha kuku.

Mtoto alipoanza kulia tena, ilikuwa mchana, na Yamna alikuwa amesinzia kwenye kiti. Aliamka akamwona muuguzi anacheka. "Huyo wako amekasirika sasa," muuguzi akasema. Yamna ndipo alipolia.

Waliporudi nyumbani, kondoo alichinjwa bila wageni wengi. Bushta alishika kisu akatamka, "Widad." Wakati huohuo, kutoka mlangoni, Lalla Hniya akapaza sauti, "Fadma!" Hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Vyeti vinasema Widad. Bibi yake akimwogesha humwita Fadma, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kumwogesha yeye akiwapo.

Maisha ya kila siku bado hayajanyooka. Yamna anachanganya siku. Wiki iliyopita alisugua mteja mmoja mkono uleule mara mbili na kuusahau wa pili. Kuna siku mtoto hulia tangu adhuhuri hadi alasiri na hakuna anayejua kwa nini, kisha huacha, na hilo nalo hakuna anayejua kwa nini. Akilia, mama yake huchoka. Akinyamaza, humwamsha.

Wanawake bado wanamuuliza maswali. Katika chumba cha moto, mama mmoja kijana anataka kujua kama mtoto wake afungwe kwa kubana au kwa kulegeza.

"Sijui, binti yangu," Yamna anamjibu, akimmwagia maji begani. "Wallahi sijui. Muulize Ikram. Au twende wote zahanati, nami nina la kuuliza."

Lipo jambo linalomkosesha raha. Daktari alimweleza kwamba manjano yakipanda kiasi kile, masikio ya mtoto hupimwa baadaye, kwa tahadhari tu. Miadi ni Jumanne ijayo. Tangu aambiwe hivyo, nyumba nzima imekuwa maabara. Lalla Hniya hupiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto na kuapa kwamba amegeuka. Bushta aliangusha beleshi la tanuri makusudi. Yeye anasema mtoto alishtuka, Zahor anasema aliyeshtuka ni Bushta. Yamna mwenyewe anaona hivi leo, vile kesho.

Jumanne hiyo Bushta ataomba mtu amshikie tanuri hadi mchana, na Ikram atafunga cherehani yake awasindikize. Lalla Hniya amesema naye anakwenda, kwa sababu daktari huyo atahitaji kuambiwa jina la kweli la mtoto.

Yamna anamweka bintiye begani na kumpapasa mgongo, mpaka anacheua.

"Nimewaza sana," anasema. "Akiwa anasikia, nitamsimulia kisa chote hiki, amcheke baba yake. Akiwa hasikii, tutatafuta wa kutufundisha kuzungumza kwa mikono. Mimi kazi ya mikono hainishindi."